Sikukusudia: uchambuzi wa teke lililoamua fainali ya karate Tokyo

Jumamosi ya tarehe 7 Agosti 2021, siku ya mwisho ya karate katika Olimpiki ya Tokyo, Tareg Hamedi wa Saudi Arabia alikuwa mbele kwa alama 4 kwa 1 dhidi ya Sajad Ganjzadeh wa Iran. Ilikuwa fainali ya kumite (mapambano ya watu wawili) ya wanaume wenye uzani wa zaidi ya kilo 75, ndani ya Nippon Budokan, jumba lililojengwa kwa ajili ya judo ya Olimpiki ya 1964. Saudi Arabia haikuwa imewahi kupata dhahabu ya Olimpiki katika mchezo wowote, na kijana huyu wa miaka 23 alikuwa ameikaribia kabisa. Akapiga teke la juu. Mguu ukampata Ganjzadeh shingoni, akaenda chini na hakuinuka. Madaktari wakaingia, akavishwa barakoa ya oksijeni, akatolewa kwa machela.

Waamuzi wakashauriana. Uamuzi ulipotoka, aliyebaki amesimama ndiye aliyeshindwa. Refa alitoa hansoku, yaani kumwondoa Hamedi katika pambano lile kwa kosa zito. Dhahabu ikaenda kwa Ganjzadeh, ambaye alizinduka katika chumba cha matibabu na kuambiwa na kocha wake kuwa yeye ndiye bingwa.

Waliotazama bila kuijua karate walishangaa: aliyezimia anashindaje? Na hata ndani ya dojo nyingi, yaani kumbi za mazoezi, kisa hiki bado kinazua ubishi, kwa sababu hakuna aliyemwona Hamedi kama mtu mwenye roho mbaya. Hakumtukana mpinzani, hakumpiga akiwa chini, hakumgusa baada ya refa kusimamisha pambano. Alipiga teke halali kwa jina, kwenye sehemu halali ya mwili, katika muda halali wa mchezo. Ndiyo maana kisa hiki kinafundisha zaidi kuliko visa vya watu waliopiga marefa au waliogoma kusalimiana. Adabu ya mtu aliyekasirika ni rahisi kuihukumu. Hapa tunaulizwa habari ya adabu ya mguu.

Kanuni ilisema nini

Kanuni za Shirikisho la Karate la Dunia, WKF, zilizotumika Tokyo zinatoa alama 1 (yuko) kwa ngumi, alama 2 (waza-ari) kwa teke la kifuani, tumboni au mgongoni, na alama 3 (ippon) kwa teke la kichwani, usoni au shingoni. Pambano la watu wazima ni dakika 3. Mwenye kumtangulia mwenzake kwa alama 8 hushinda papo hapo. Hamedi alikuwa amekwisha kupata ippon moja mapema, kwa teke la juu vilevile.

Ila alama haitolewi kwa sababu tu mguu umefika. Refa na waamuzi wanne wa pembeni wanatafuta mambo sita kwa pamoja: umbo zuri la pigo, mwenendo wa kimichezo, nguvu katika kulitekeleza, uangalifu unaoendelea baada ya pigo (zanshin), wakati unaofaa na umbali sahihi. Mawili kati ya hayo, mwenendo na zanshin, ni ya tabia, na yamewekwa ndani ya kipimo cha pigo lenyewe. Mtu akipiga vizuri kisha akageuka kushangilia huku mpinzani yuko mbele yake, amekosa zanshin na anaweza kunyimwa alama. Katika kendo jambo hili ni kali zaidi: mshindi akinyanyua ngumi kwa furaha, alama hufutwa.

Kuhusu nguvu ya pigo, watu wazima wanaruhusiwa kugusa uso, kichwa na shingo kwa wepesi, mguso usiojeruhi. Koo haliguswi kabisa. Tena pigo la kichwani linaweza kupewa alama bila kugusa, likisimama ndani ya sentimita 5 za shabaha. Kwa watoto wa chini ya miaka 14 mguso wowote wa kichwani, hata wa kupapasa, ni kosa. Kwa maneno mengine, kanuni haimdai mpigaji kuangusha mtu. Inamdai aonyeshe kwamba angeweza kumwangusha, kisha asimwangushe.

Wakati huo makosa yalikuwa makundi mawili. La kwanza ni mguso wa kupita kiasi, kupiga koo, viungo au kinena, kupiga uso kwa kiganja kilichofunguka, na mitupo ya hatari. La pili ni kujifanya umeumia, kutoka nje ya eneo, kukwepa pambano, kuwavunjia heshima waamuzi na mengine ya namna hiyo. Adhabu zilipanda ngazi: chukoku, keikoku, hansoku-chui, hansoku. Lakini refa hafungwi kuanzia chini. Kosa likiwa zito anaweza kuruka moja kwa moja hadi hansoku, na mtu aliyebebwa kwa machela ni ushahidi mzito.

Juu ya ngazi hizo kuna shikkaku, kufukuzwa katika mashindano yote. Hiyo ni ya mtu aliyeivunjia heshima karate, aliyefanya ubaya kwa makusudi au kukaidi amri. Angepewa hiyo, Hamedi asingebaki na medali yoyote. Alipewa hansoku, akapoteza pambano moja tu, akabaki na fedha. Waamuzi walizitenganisha nia na tendo. Walimwambia, kwa lugha ya kanuni, kwamba hawamwoni mtu mbaya, lakini mguu wake umevunja mpaka.

Palikuwa na mlango mwingine mmoja. Kanuni inasema aliyeangushwa asipoinuka kikamilifu ndani ya sekunde 10 hawezi kuendelea. Kama waamuzi wangeona teke lilikuwa limedhibitiwa, na kwamba Ganjzadeh alijiponza mwenyewe kwa kuingia bila kujilinda (kosa liitwalo mubobi), hesabu hiyo ya 10 ingempa Hamedi ushindi. Hawakuona hivyo. Kwa maoni yetu walihukumu sawasawa. Teke lenye udhibiti huonekana linapofika: goti linabaki limekunjika kidogo, unyayo unagusa na kurudi. Mguu unaopita na kuendelea na safari baada ya shabaha haukuwa na mpango wa kusimama.

Tuondoe na dhana moja inayosambaa sana, kwamba tukio hili ndilo lililoifukuza karate kwenye Olimpiki. Si kweli. Waandaaji wa Paris walitangaza michezo ya ziada waliyoipendekeza Februari 2019, karate haikuwamo, na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikaidhinisha orodha hiyo Desemba 2020, miezi minane kabla ya fainali ya Tokyo.

Damu ya moto

Dojo nyingi za Shotokan, mtindo mmojawapo wa karate, hufunga mazoezi kwa kusoma dojo kun, kanuni tano za maadili. Kila moja huanza na neno hitotsu, "moja", kwa maana kwamba hakuna ya kwanza wala ya mwisho. Zote zina uzito mmoja. Wanafunzi hukaa seiza, magoti chini, wakazikariri kwa sauti. Ya kwanza ni kujitahidi kukamilisha tabia, ya pili kulinda njia ya ukweli, ya tatu kukuza moyo wa juhudi, ya nne kuheshimu adabu. Ya tano hutafsiriwa kwa kawaida kuwa ni kuepuka vurugu.

Tafsiri hiyo imewapotosha wengi. Kijapani chake ni kekki no yu o imashimuru koto. Kekki ni damu na nguvu ya uhai kwa pamoja, ile hali ya damu kuchemka. Yu ni ushujaa. Kwa hiyo kanuni ya tano inaonya dhidi ya ushujaa wa damu iliyochemka. Tofauti ni kubwa. Mwanafunzi anayesikia "epuka vurugu" hujiambia kwamba yeye si mtu wa vurugu, kanuni hiyo ni ya wahuni wa mtaani, haimhusu. Anayesikia "jihadhari na ushujaa wa damu ya moto" hana pa kujificha. Kila mtu aliyewahi kuongoza kwa alama tatu, moyo unamdunda, mpinzani amelegea mbele yake, anaijua damu hiyo.

Hatuwezi kuingia kifuani mwa Hamedi na kudai tunajua alichohisi. Ila hali aliyokuwamo inajulikana na kila mwana kumite, nayo ina hatari yake. Anayeongoza 4 kwa 1 hahitaji teke zito. Hahitaji hata teke jepesi. Anahitaji miguu ya kuhama, umbali na utulivu mpaka saa iishe. Kutangulia si kufika, wahenga walisema, na katika kumite mara nyingi kinachomkwamisha aliyetangulia ni hamu ya kumaliza kazi kwa kishindo.

Gichin Funakoshi, mwalimu kutoka Okinawa aliyeipeleka karate Tokyo mwaka 1922, alifundisha kwamba karate huanza kwa rei na kuisha kwa rei. Wengi huielewa rei kuwa ni kuinama. Kuinama ni umbo lake tu. Unapoinama mbele ya mwenzako kabla ya kumite, unafanya mapatano naye: nakukabidhi mwili wangu ujifunzie, nawe unikabidhi wako, tutarejeshana vikiwa vizima. Teke lisilo na breki linavunja mapatano hayo hata kama mpigaji ana moyo safi kama maji ya kisima.

Ndiyo maana neno "sikukusudia", ambalo husikika dojo karibu kila wiki, halipaswi kupokewa kama jibu.

"Sensei, sikukusudia kumpiga kwa nguvu."

"Najua hukukusudia. Ulikusudia kumpiga kwa wepesi?"

Hapo mwanafunzi hunyamaza, kwa sababu jibu la kweli ni hapana. Hakukusudia uzito, wala hakukusudia wepesi. Alirusha mguu akauachia Mungu. Kukosa nia mbaya si sawa na kuwa na nia njema. Nia njema ina kazi yake: inapanga mguu utasimama wapi kabla haujaondoka chini.

Teke linavyotoroka

Hapa ndipo walimu wengi huishia kusema "dhibiti!" bila kueleza udhibiti uko kwenye kiungo gani. Tulitazame teke la duara la juu, mawashi geri ya jodan, polepole.

Goti hupanda kwanza, limekunjika, kisigino karibu na tako. Mguu uliosimama chini unageuka juu ya sehemu ya mbele ya unyayo. Nyonga inazunguka. Kisha goti linafunguka na mguu unachapa, na ndani ya papo hapo hiyo unapaswa kukunjwa tena kurudi, hikiashi, kabla haujashuka. Breki za teke hili ziko mbili: goti na nyonga. Goti ndilo breki ya mwisho. Likibaki limekunjika kidogo wakati wa kugusa, bado unaweza kupunguza. Likishanyooka kabisa, mguu mzima umekuwa rungu na nyonga ndiyo inayousukuma. Hakuna tena cha kurekebisha.

Makosa yanayozaa ajali yanajirudia. La kwanza ni umbali. Mpigaji hupima umbali wa mtu aliyesimama, lakini mpinzani naye anaingia. Hatua moja ya nusu mita inatosha kulifanya teke lililopimwa kugusa kwa mgongo wa unyayo likafika kwa kifundo au kwa mfupa wa ugoko. Mgongo wa unyayo una kinga yenye sponji. Mfupa ni mfupa, hata ukiwa ndani ya kinga. Tena kasi ya anayeingia inajumlishwa na kasi ya mguu unaokuja.

La pili ni kuuelekeza mwili wote kwenye teke. Mtu aliyeegemea mbele, mikono imeachwa, uzito wote umepita juu ya mguu wa chini, hawezi kughairi. Jaribio ni rahisi: simamisha pambano ghafla katikati ya teke. Mwenye udhibiti atashusha mguu pale alipoutoa. Asiye nao ataanguka mbele hatua mbili.

La tatu ni uchovu. Misuli ya kukunja goti huchoka, na inachoka kabla ya ile ya kurusha. Mwanafunzi bado ana nguvu za kupiga lakini hana tena nguvu za kurudisha. Kwa hiyo dakika ya tatu ni hatari kuliko ya kwanza, ingawa mapigo ni ya polepole zaidi.

Halafu kuna shabaha yenyewe. Kichwa kikipigwa kwa pembeni huzunguka ghafla, na ubongo uliomo ndani hutikisika nyuma yake. Ndiko kuzirai kunakotoka mara nyingi. Upande wa shingo umebeba mshipa mkubwa wa damu na neva zinazotawala mapigo ya moyo, hivyo pigo la pale linaweza kumlegeza mtu papo hapo. Watu wazima hucheza bila kofia ya kinga. Wana glovu, kinga ya meno, ya kifua, ya ugoko na ya unyayo tu. Na kumbi nyingi za mazoezi katika miji yetu ni sakafu ya saruji au vigae, pengine ukumbi wa shule au wa mtaa uliokodiwa jioni. Huko teke lenyewe linaweza kuwa jepesi, lakini kisogo kikigonga saruji madhara yanatoka chini. Ganjzadeh aliangukia tatami, mikeka laini ya mchezo.

Lawama igawanywe

Tukimwachia Hamedi peke yake mzigo wote, hatujachambua kitu.

Aliyepigwa naye ana wajibu. Kanuni ya mubobi ipo kwa sababu kumwingilia mtu uso wazi, mikono chini, ukitegemea kwamba yeye atajizuia, ni kumtwika mwenzako dhamana ya shingo yako. Kuna wanaofanya hivyo makusudi wakitafuta mpinzani apewe adhabu. Huo ni ulaghai hata kama hausemi neno. Hatusemi Ganjzadeh alifanya hivyo. Waamuzi hawakuona hivyo. Tunasema mwanafunzi anayefundishwa kujizuia afundishwe pia kujikinga: mkono wa mbele usishuke anapoingia, kidevu kiwe ndani.

Mfumo wa alama nao una mkono wake. Unaahidi alama 3, zawadi ya juu kabisa, kwa kupeleka mguu kwenye sehemu iliyo dhaifu kuliko zote, kisha unamwadhibu aliyefika kwa nguvu. Kwa mtu mzima aliyelelewa vizuri huo ni mtihani mzuri wa tabia. Kwa kijana wa miaka 15 aliyeanza mwaka jana ni mtego.

Lakini sehemu kubwa ya lawama ya ajali kama hizi, popote zinapotokea, huwa ya mwalimu wa siku za kawaida. Teke la fainali limepigwa mara maelfu kabla ya fainali, na kila mara kuna mtu alilitazama akasema kitu au akanyamaza. Dojo ambamo mwanafunzi akimwangusha mwenzake wengine hupiga makofi, huku sensei akitabasamu na kusema "huyu ana teke", imeshachagua inachokilea. Aliyechapwa akienda kukaa pembeni ameshika sikio na hakuna anayemfuata, basi na yeye amefundishwa: siku yake ikifika atalipa. Hivyo ndivyo kisasi kinavyoingia dojo kwa kuvaa gi (vazi la karate) safi. Mwalimu anayetaka kujua hali ya dojo yake asitazame mkanda mweusi akipambana na mkanda mweusi. Atazame mkanda wa kahawia anapopangiwa mkanda mweupe mwenye woga.

Wako watakaosema kwamba basi karate si mapigano. Kuna mahali pa kupiga kwa nguvu zote. Mtindo wa karate uitwao Kyokushin unaruhusu teke zito la kichwani, ingawa hauruhusu ngumi za usoni. Ndondi zina hesabu ya refa na daktari wa ulingoni. Anayeingia huko ameyakubali mapatano hayo mapema. Kosa ni kuingia kwenye mapatano ya mguso mwepesi ukiwa na mguu wa mapatano mengine.

Kuufundisha mguu

Udhibiti haufundishwi kwa hotuba, na ukiufanya kila juma, dakika 15 tu zinatosha kubadili dojo nzima ndani ya muhula mmoja.

Anza na karatasi. Ning'iniza nusu ya ukurasa wa gazeti kwa uzi, ukingo wa chini ukiwa usawa wa sikio la mwanafunzi. Apige mawashi geri 10 kwa kila mguu, mizunguko mitatu. Karatasi inatakiwa kutikisika kidogo au kutoa sauti ya mguso. Ikichanika au ikiruka juu, pigo hilo halihesabiwi. Usimruhusu kuongeza kasi mpaka apate 8 kati ya 10 kwa kasi ya nusu. Wenye haraka huruka hatua hii, na kosa lao huonekana baadaye usoni mwa mtu.

Kisha mtu aliyesimama. Mwenzake amevaa kinga ya meno, mikono juu. Mpigaji anapeleka mguu hadi sentimita 5 kutoka kwenye glovu iliyo kando ya sikio, anausimamisha huko kwa sekunde 2, anaukunja, anaushusha alipoutoa. Asiyeweza kusimamisha mguu juu kwa sekunde 2 hana misuli ya kusimamisha teke la kasi. Arudi kufanya mazoezi ya nyonga na tumbo, na kwenye kumite apige chudan (usawa wa kifua na tumbo) tu. Hilo liwe sharti la dojo, si ushauri.

Hatua inayosahaulika, nayo ndiyo yenye uhusiano wa karibu zaidi na Tokyo, ni mtu anayeingia. Mpigaji anaanza teke, na mwenzake, kwa hiari yake na bila kutoa ishara, aidha anabaki pale au anaingia hatua moja. Akibaki, teke linagusa glovu. Akiingia, mpigaji lazima afanye moja kati ya matatu: akunje goti na kushusha, apitishe mguu juu ya kichwa, au aguse kwa paja lililolegea huku akimshika asiyumbe. Fanyeni mara 10 kwa zamu, polepole kwanza. Mwanzoni wataona haiwezekani. Baada ya wiki nne hivi utaona macho yao yanabadilika: hawatazami tena shabaha pekee, wanamtazama mtu.

Mwishowe rudia hayo ukiwa umewachosha. Dakika 2 za kuruka kamba au za kupiga pedi, kisha mateke 5 ya karatasi kwa kila mguu. Hapo kila mmoja atajua udhibiti wake unaishia wapi, na atajua ni lini kwenye pambano aache kupiga jodan.

Katika kumite ya mazoezi weka sheria moja: uzito wa pigo anausema aliyepigwa. Akisema "zito", mpigaji anainama, anapunguza, pambano linaendelea. Hakuna kubishana, hakuna "mbona nimekugusa tu". Likisemwa mara ya pili, mpigaji anatoka kwa mzunguko huo na kwenda kwenye karatasi. Asiende kupiga pushapu. Pushapu zinamfundisha kwamba kosa hulipwa kwa jasho, wakati tunachotaka ni kosa lirekebishwe.

Mtu akishaanguka

Refa wa dojo anapaza yame, yaani simameni. Mpigaji anarudi kwenye nafasi yake. Katika dojo nyingi hupiga magoti seiza akiwa amegeuza mgongo, asionekane kumtazama aliyeumia kwa fahari wala kumzonga. Hashangilii, hajitetei, hasogei mpaka aitwe.

Aliyezimia haamshwi kwa kutikiswa, kumwagiwa maji, kunusishwa kitunguu wala kupigwa makofi. Mtu mmoja anashika kichwa chake kwa mikono miwili kisigeuke, kwa kuwa shingo inaweza kuwa imeumia. Mwingine anatazama kama anapumua na kuondoa kinga ya meno ikiwa inaziba. Akipumua, aachwe alivyo mpaka msaada ufike. Akitapika, ageuzwe upande, kichwa, shingo na mgongo vikienda pamoja kama gogo. Asipopumua, anzeni kubana kifua mara moja, mibano 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hadi 6 kwa mtu mzima.

Hata akiamka baada ya sekunde chache na kusema yuko sawa, siku hiyo amemaliza. Apelekwe kwa daktari, na aende hospitali haraka zaidi kama anatapika tena na tena, kichwa kinazidi kuuma, anaongea kwa kukokota maneno, mboni za macho hazilingani, mkono au mguu umelegea, au ana degedege. Asiachwe peke yake usiku ule, na asiendeshe pikipiki kurudi nyumbani. Mazoezi hurudi kwa ngazi: kupumzika siku moja mbili, kutembea, mazoezi mepesi, kata (mfuatano wa mapigo bila mpinzani), mapigo ya hewani, pedi, na mwisho kabisa kumite kwa idhini ya daktari. Kila ngazi isipungue saa 24, na dalili zikirudi, hushuka ngazi. Tunashauri wiki 3 kamili kabla ya mashindano yoyote, na zaidi kwa watoto. Mzazi anayeng'ang'ania mtoto apande ulingoni Jumamosi ijayo kwa sababu ada imeshalipwa, arudishiwe ada yake.

Nani amfuate hospitali? Mwalimu, na mpigaji pamoja naye. Si kwa ajili ya kulaumiwa. Ni kwa sababu ukimya kati ya wawili hao ukikaa siku tatu unageuka kuwa uadui, na wenzao wataanza kuchagua upande. Tokyo ilitoa mfano mzuri hapa. Hamedi alitokwa na machozi, akasema waziwazi kwamba asingependa uamuzi uwe hivyo, lakini hakuwatukana waamuzi wala kukataa medali yake. Ganjzadeh naye alisema amefurahi kwa dhahabu na amehuzunika kuipata kwa njia ile. Kwenye jukwaa walisimama pamoja, wao na Ryutaro Araga wa Japani na Uğur Aktaş wa Uturuki waliochukua shaba.

Dojoni hakuna jukwaa, kwa hiyo mwalimu inabidi alitengeneze. Siku aliyeumia anaporuhusiwa kurudi kwenye mazoezi ya wawili, asipangiwe mtu mwingine kwa kuogopa aibu. Apangiwe yuleyule aliyempiga. Wainame. Kumite isianze siku hiyo. Karatasi ining'inizwe kando ya sikio la aliyeumia, na mwenzake apeleke mguu mara 10 kwa kasi ya nusu, huku aliyeumia akihesabu kwa sauti.